Nyumba na Moshi Wake

Kila masika nyumba yetu hunuka moshi. Si harufu kali. Mgeni anaweza kuketi nasi saa nzima, akanywa kahawa yake, akaaga, asiitambue. Sisi tunaolala humu ndio tunaoijua. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hewa ikawa nzito, harufu hutoka ukutani polepole, kama mtu aliyeamka na hana haraka ya kutandika kitanda. Binti yangu huja akasimama mlangoni, akaniambia, "Baba, inanuka tena." Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiinuka kwenda kutafuta inakotoka, pua ukutani, chumba hadi chumba. Siku hizi huitikia tu, "Naam, nimeisikia." Nimejiuliza kwa nini ilinichukua miaka kujifunza kuitikia, na ndiyo sababu naandika haya, ingawa sina hakika kama nimejifunza sawasawa.

Nyumba iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, na mimi ni mtoto wa Langoni. Kwa asiye wa huku majina hayo ni mitaa tu ya mji mmoja mdogo, na kwa miguu unatoka mmoja ukaingia mwingine kabla hujamaliza hadithi uliyokuwa ukimsimulia mwenzako. Lakini Mkomani ndiko zilikosimama tangu zamani nyumba za ghorofa, za mawe ya matumbawe na chokaa. Langoni, katika utoto wangu, tulikaa katika nyumba za udongo na makuti. Bibi yangu alikuwa akipika vitumbua na kuvipeleka katika nyumba zile za mawe, nami nikimshikia kitambaa cha kufunikia. Siku zote safari yetu iliishia dakani, pale penye vibaraza viwili vya mawe nje ya mlango, ambapo mtu huketi kabla haijajulikana kama ataingia. Mara moja tu mlango ulikuwa wazi. Niliona kiwanda, ule ua wa ndani, chenye mwanga, nyuma yake giza la misana, zile kumbi ndefu, na nyuma ya giza hilo weupe wa ajabu, safu juu ya safu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mlango ukafungwa. Nikisema leo kwamba niliinunua nyumba hii kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, nitakuwa nimesema nusu ya kweli.

Iliungua usiku mmoja wa kaskazi, mwanzoni mwa 2017. Moto ulianza juu, kwenye kidari cha meko, chini ya paa la makuti, na makuti yaliyokaushwa na jua la kaskazi hayahitaji zaidi ya cheche. Vichochoro vya Mkomani vina upana wa kupishana punda wawili kwa taabu. Gari la zimamoto halina pa kupita. Watu walijipanga kutoka kisima cha msikiti hadi mlangoni, ndoo ikipita mkono kwa mkono. Nami nilikuwa katika mstari ule. Jambo hili nililikumbuka baadaye sana, na lilipokuja lilinikalia vibaya: usiku ule nilipokea ndoo na kuzipitisha mpaka mabega yakafa ganzi, ili nyumba ya watu ipone, na miezi minane baadaye nikaenda kuipigia bei kwa sababu haikupona.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu. Alikuwa amehamia kwa binti yake Langoni, mtaa wetu wa zamani, na mwanawe wa kiume ndiye aliyezungumza nami. Siku ya kupatana tulizunguka sote watatu, mama nyuma, sisi mbele. Nilikuwa nimejiandaa. Ualimu umenizoesha kutafuta makosa na kuyawekea alama, na nilikuja na daftari. Kila palipopasuka niliweka kidole. Nilisema ukuta huu lazima ushuke. Nilisema boriti zote hizi zimekuwa kuni. Tulipofika ndani kabisa, katika chumba kile ambacho weupe wake niliuona nikiwa mtoto na sasa ulikuwa mweusi kama tumbo la sufuria, nilifunga daftari nikasema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, "Nyumba hii imekwisha."

Yule mama alivuta buibui yake karibu na uso akatazama sakafu. Mwanawe alikubali chini ya nusu ya bei ambayo nyumba kama ile ingepata ikiwa nzima. Mashahidi walikuwapo, hati ziliandikwa, fatiha ikasomwa. Nilirudi kwangu nimefurahi.

Sijui hadi leo kama nilidhulumu. Nimelipima jambo hili kwa njia nyingi. Bei ya kitu kilichoungua haiwezi kuwa bei ya kitu kizima, na kama si mimi angekuja mwingine, pengine tajiri wa mbali aliyetaka nyumba ya kufikia likizo. Hoja hizi ni za kweli. Ila naona kwamba kila ninapozihitaji huzihitaji zote pamoja, na mtu asiye na shaka hahitaji hoja nyingi hivyo.

Kazi niliianza kwa kusafisha, nami nikaianza kwa kosa. Niliwaita vijana wanne, nikawapa brashi, sabuni ya unga na mapipa ya maji, tukasugua kuta kutwa nzima. Maji meusi yalitiririka hadi kiwandani, nami nikaona tunafua nyumba kama nguo. Kesho yake akaja mwashi mzee niliyekuwa nimemwomba anisaidie, mtu wa maneno machache ambaye baba yake na babu yake walijenga kwa mawe. Alipitisha kiganja ukutani, akakigeuza akakitazama.

"Mwalimu," alisema, "umezinywesha."

Sikuelewa. Alinieleza kwamba masizi yana mafuta ndani yake, na ukuta wa matumbawe una vinywa vingi kama sifongo. Masizi makavu hukaa juu. Unayapangusa kwa brashi kavu, kuanzia juu kushuka chini, siku nyingi, kwa subira, na mengi hutoka. Ukiyatia maji kabla, huyasukuma ndani, na yakishaingia ndani yameingia. Ndiyo ile harufu ambayo ningeishi nayo, ingawa wakati ule sikujua kwamba ningeishi nayo. Niliosha kwa sababu niliona uchungu kuutazama ule weusi. Nilitaka uondoke siku hiyo hiyo.

Kuhusu mawe alinifundisha jambo ambalo bado linanishangaza. Nyumba hizi huzaliwa na moto. Chokaa inayoshika mawe yake hupatikana kwa kupanga magogo, kurundika juu yake vipande vya matumbawe, na kuchoma mpaka vilainike. Kisha hutiwa maji, huchemka na kufuka kama chakula, halafu huachwa miezi itulie kabla ya kutumika. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hilo hutokea jiwe linapofikia joto la karibu nyuzi 900, na kwamba chini sana ya hapo, kwenye nyuzi 300 hivi, mawe mengi ya aina hii hubadilika rangi yakawa mekundu-mekundu. Moto wa nyumba, mahali ulipokaza sana, ulikuwa umeifanya ile kazi ya tanuri juu ya ukuta uliokwisha kujengwa. Uso wa jiwe ulikuwa umegeuka kuwa chokaa.

Mzee hakuhitaji nyuzi. Aligonga kwa mpini wa mwiko akasikiliza. Jiwe zima hulia. Jiwe lililoungua hunyamaza. Tulipita kuta zote namna ile, yeye akigonga, mimi nikitia alama ya makaa kwenye yaliyonyamaza. Nilishika daftari lile lile. Yaliyonyamaza hayakufika robo. Ule ukuta niliosema mbele ya mjane kwamba lazima ushuke, uligongwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na ulilia.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo nilimsikiliza. Haikuwa hivyo. Mzee alitaka tutoe mawe mabovu moja moja, tutie mengine kutoka machimbo ya Maweni, kisiwani Manda, na tupige lipu ya chokaa iliyokaa miezi kwenye maji. Mimi nilikuwa nalipa kodi ya nyumba nyingine, na muhula wa shule ulikuwa unakaribia. Nilimshukuru, nikampa chake, nikamchukua fundi kijana aliyeniahidi kumaliza kwa wiki tatu kwa saruji. Alimaliza kwa wiki tatu kweli. Januari 2018 nyumba ilikuwa imenyooka, ya kijivu, ngumu, haina hata ufa mmoja. Niliwaalika rafiki zangu waje waone.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali nchi nzima, na wengi watayakumbuka. Huku kwetu ilinyesha hata vichochoro vikawa mito. Wiki ya pili kitu kilianguka usiku. Asubuhi nilipokwenda nikakuta kipande cha lipu ukubwa wa mlango kimelala sakafuni, na nyuma yake ukuta umelowa na umevimba, unamomonyoka ukiugusa, mweupe kama unga. Saruji hukaza, haiuachii ukuta upumue. Unyevu ulioingia kwa juu ulikuwa umefungiwa ndani pamoja na mawe yale yaliyoungua, nayo yakanywa, yakavimba, yakasukuma. Lipu ilianguka hapa, kesho ikaanguka pale. Na kwa mara ya kwanza nikausikia moshi, mzito kuliko ulivyowahi kuwa tangu hapo, kama ulikuwa umetunzwa.

Nilimwendea mzee nyumbani kwake. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye mpangilio. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Aliitikia salamu, akaniachia nafasi, na kabla sijafungua kinywa akauliza, "Lipu imeanguka yote au nusu?"

"Nusu, mzee."

"Basi tungoje ianguke iliyobaki."

Tukangoja. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi nililowahi kuombwa na mtu. Kwa miezi nilikuwa nikienda kutazama kazi niliyoilipia ikidondoka, nikirudi bila kufanya lolote. Yeye wakati huo alikuwa ameloweka chokaa katika shimo nyuma ya nyumba, akiipindua kwa jembe mara moja moja. Nilizoea kudhani kwamba kungoja ni muda mtupu kati ya kazi na kazi. Shimoni mle chokaa ilikuwa ikifanya jambo, taratibu, bila mkono wa mtu, na mwisho ililainika kama siagi.

Boriti nazo zilinifunza, ila hapa sistahili sifa yoyote. Nilikuwa nimekusudia kuzitoa zote. Mwaka huo huo wa 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa visiwa vyetu, ambao riziki yao ni kupanga fito, pau, mazio na boriti kwa unene wake, wakajikuta hawana kazi. Boriti mpya hazikupatikana. Kwa hiyo mzee akasema tuulize za zamani. Alipanda ngazi na tezo yake akachonga moja iliyokuwa nyeusi kabisa. Kwanza likatoka kaa tupu. Kisha kahawia. Kisha, kwa kina kisichozidi unene wa kidole gumba, ukatokea mti wenyewe, mwekundu, mzito, wenye harufu yake ya asili. Mti mgumu kama mkoko huliwa na moto kidogo kidogo, kama nusu milimita kwa dakika, na lile kaa la nje hugeuka ngao ya kilichomo. Katika chumba kile cha ndani kabisa boriti zilikuwa 22. Tulibakiza 13. Kama msitu ungekuwa wazi ningezitupa zote ishirini na mbili na kujisifu kwa kutoa kilichooza.

Nimekuwa nikifikiri juu ya neno lile nililolisema, imekwisha. Nililisema kama mtu anayetoa habari, kumbe nilikuwa nikishusha bei. Na nimeanza kuogopa kwamba nimelitumia mahali pengi pengine. Kuna mwanafunzi mmoja nilimwambia mzazi wake kwamba asihangaike naye. Kuna ndugu yangu ambaye hatukuzungumza miaka sita, na kila nilipoulizwa nilijibu kwamba yule tumeshamalizana. Sikugonga. Niliona weusi nikaandika kwenye daftari.

Lakini jambo linalonirudia kuliko yote si lipu wala boriti. Mwaka uliofuata, kuta zikiwa zimekwisha kupakwa niru na sisi tumehamia, yule mama alikuja. Alibisha hodi, nami nikatoka. Alikuwa na mjukuu wake, wameketi dakani, kwenye kibaraza kile kile cha mkono wa kushoto alipokuwa akiketi bibi yangu. Sijui niseme nini juu ya jambo hilo. Nilisimama pale mlangoni kwangu, mwenye nyumba, namtazama mwanamke aliyeolewa katika nyumba hii na kuzalia watoto watano ndani yake akingoja kujua kama ataingia.

"Karibu ndani, mama," nilisema, na sauti ilinikwama.

Aliingia taratibu. Hakusifu, hakulaumu. Alipita tekani, ule ukumbi wa kuingilia, akavuka kiwanda, akapita misana yote miwili hadi ndani, akasimama mbele ya zidaka. Alizigusa kimoja kimoja. Kulikuwa na kimoja kilichopinda, cha safu ya tatu, ambacho nilitaka kukiziba kwa sababu kiliharibu mpangilio, na mzee mwashi akakataa bila kunieleza. Mama alipofika hapo akauacha mkono wake.

"Mwanangu, mlipotoa vifusi, mliona chetezo?"

Nikauliza chetezo cha namna gani.

"Cha udongo. Cha mamangu. Kimepasuka mdomo kidogo. Kilikaa hapa." Kisha, kama anayenisaidia, akaongeza, "Cha udongo hakiungui."

Ni kweli, hakiungui. Udongo uliochomwa mara moja hauogopi moto wa pili. Kama kilikuwa mle usiku ule, kilikuwa mle asubuhi yake, na kilikuwa mle miezi minane baadaye nilipoingia na vijana wangu na makoleo. Punda watatu walibeba vifusi siku tisa, shogi baada ya shogi, hadi ufukweni palipokuwa pakijazwa. Sikumwambia mtu yeyote atazame. Sikutazama. Haikunijia kwamba majivu ya watu yanaweza kuwa na mwenyewe. Na kuna jambo sikumwambia siku ile, kwa sababu sikuwa na hakika nalo na bado sina: nina kumbukumbu ya mguu wa chombo cha udongo, mwekundu, umechomoza kwenye chungu ya masizi karibu na kizingiti, na kumbukumbu ya mimi nikiusukuma kwa kiatu ili koleo lipite. Huenda nimeitunga baadaye. Huenda kilikuwa kigae.

"Sikukiona, mama," nilisema. "Sikutafuta."

"Haya," alisema. Alikunywa chai, akatuombea dua, akaondoka.

Nilikwenda ufukweni mara kadhaa maji yakiwa yamekupwa. Mawe yetu yalikuwa yamechanganyika na ya wengine, na yale yaliyoungua sana yalikuwa yameyeyuka kuwa tope jeupe. Ramadhani iliyofuata nilimpa mwanawe fedha, si kidogo kwa mshahara wangu, nikasema ni za mama. Alizipokea. Sikupata kujua alizipokeaje mama mwenyewe, kama sadaka, kama deni, au kama tusi. Mke wangu aliniuliza siku ile nilikuwa nanunua nini tena kwa yule mama. Hakuuliza kwa ubaya. Sikuwa na jibu, na tangu hapo nimeogopa kuzipeleka mara ya pili na nimeogopa kuacha.

Masika haya yule mama alikuja tena. Sasa huja akipita. Tumezoeana, na binti yangu humwita bibi na kumkalia karibu. Ilikuwa siku ya tatu ya mvua na nyumba yote ilinuka. Niliona aibu, nikaanza kumweleza habari za brashi kavu na maji, kosa langu lile la siku ya kwanza, jinsi ilivyopaswa kufanywa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nina sanduku la leso," alisema. "Ndilo pekee walilowahi kulitoa usiku ule. Nimezifua, nimezianika, nimezifukiza udi. Mvua ikinyesha, nazo zinanuka."

Alivuta ncha ya leso aliyojitanda ndani ya buibui, akaniletea karibu na uso niinuse.